Jumamosi Asubuhi, Soka na Mipaka ya Utani



Jumamosi hapa seminarini huanza na Misa, kisha kifungua kinywa, kisha kazi za mikono. Wengine hufyeka majani, wengine huenda bandani kwa ng'ombe, wengine huosha bwalo. Kazi zikiisha, kabla ya chakula cha mchana, tunaruhusiwa kukaa kidogo katika chumba cha mapumziko. Runinga huwashwa, na mara nyingi huishia kwenye kipindi cha soka. Watangazaji wawili watatu wamevaa jezi. Mmoja anachambua mechi ya jana, mwingine anaigiza sauti ya kocha aliyefungwa, mashabiki wanapiga simu, na kila baada ya dakika mbili ni kicheko. Ukishuka Moshi mjini saa hiyohiyo utakuta mambo ni yaleyale: kwa kinyozi kule Majengo, kwenye vijiwe vya bodaboda vya Kiboriloni, na kwenye migahawa ya jirani na stendi.

Hivi karibuni, katika mazungumzo yetu ya jioni, mwenzetu mmoja alitoa hoja kwamba vipindi hivi havimfai frateri. Alisema vinapoteza muda, vinafundisha mdomo mchafu, na mtu anayejiandaa kusimama altareni hapaswi kuzoea kucheka ovyo. Wengine walimpigia makofi. Wengine walimzomea kwa upole, kama mafrateri wanavyojua kuzomea. Mimi nilinyamaza siku ile, kwa sababu nilikuwa na jambo langu moyoni. Leo nalisema hapa. Maoni yangu ni kwamba runinga isizimwe. Lakini sisi tunaocheka mbele yake tuna deni, na deni hilo ni kujua utani unaishia wapi.

Kwanza, tujue kwamba aina hii ya kipindi haikuanza jana. Mwaka 1994 kituo cha Sky Sports cha Uingereza kilianzisha kipindi kilichoitwa Soccer AM, kikirushwa Jumamosi asubuhi wakati wa msimu wa ligi. Kule mechi nyingi za Jumamosi huanza saa tisa alasiri, kwa hiyo asubuhi ni muda wa kungoja. Kipindi kile kiliujaza muda huo kwa soka, vichekesho, muziki na wageni. Helen Chamberlain na Tim Lovejoy, ambao ndio waliokipa jina, walikiongoza pamoja tangu 1996 hadi 2007. Chenyewe kilidumu hadi Mei 2023. Wachezaji wa klabu mbalimbali walishindana kulenga mwamba wa goli kwa mpira uliopigwa kutoka katikati ya uwanja, na wengi walikosa vibaya, wakachekwa, wakajicheka wenyewe. Mashabiki walialikwa studio wakiwa na jezi za timu yao. Walitaniwa, na wao walijibu.

Lakini kipindi kilekile kilikuwa na sehemu ambamo msichana alipitishwa mbele ya watu ili atazamwe na kupigiwa miluzi. Sehemu hiyo ilidumu kwa miaka mingi, na baadaye ikaondolewa. Naomba msomaji azishike picha hizo mbili: shabiki aliyetaniwa akajibu, na msichana aliyetazamwa tu. Zote zilikuwa katika kipindi kimoja, na pengine zilichekwa na watu walewale asubuhi moja.

Tanzania hatukuhitaji kufundishwa na Sky kuchanganya soka na kicheko. Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata baadhi ya wanachama walijitenga, na kutoka kwao ikazaliwa timu ambayo kwa muda mrefu iliitwa Sunderland, hadi mwaka 1971 ilipochukua jina la Simba. Kwa maneno mengine, hawa ni ndugu waliogombana nyumbani. Makao yao makuu mpaka leo yako Kariakoo, Dar es Salaam, mmoja Mtaa wa Twiga na Jangwani, mwingine Mtaa wa Msimbazi. Unaweza kutoka kwa mmoja ukafika kwa mwingine kwa miguu. Ndiyo maana hatuwaiti maadui. Tunawaita watani wa jadi, na neno hilo lina uzito kuliko tunavyodhani.

Utani huo umepata hata ofisi. Siku hizi msemaji wa klabu anajulikana kuliko wachezaji wengine. Ahmed Ally wa Simba na Ali Kamwe wa Yanga wakiongea na waandishi wa habari, watu husikiliza kama wanaosikiliza vichekesho, na kesho yake maneno yao yako sokoni. Mwaka 2021 Haji Manara, ambaye kwa miaka alikuwa mdomo wa Simba, alihamia Yanga. Mdomo uliokuwa ukiwacheka Wananchi ukaanza kumcheka Mnyama. Wapo waliokasirika, lakini wengi tulicheka, kwa kuwa ndani kabisa tunajua kwamba utani ni kama jezi: unavaliwa na unavuliwa.

Sasa nifike kwenye jambo langu.

Jumapili ya tarehe 5 Novemba 2023, katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Yanga iliifunga Simba mabao 5-1. Nilikuwa mwaka wa kwanza wa falsafa. Mimi ni Yanga tangu utotoni. Kennedy Musonda alifunga mapema, Kibu Denis akasawazisha, na tulienda mapumziko kwa 1-1 huku mioyo ikidunda. Kipindi cha pili Maxi Nzengeli alifunga mawili, Aziz Ki moja, na Pacôme Zouzoua akamalizia kwa penalti. Usiku ule bwaloni salamu ilikuwa ni kiganja kilichofunguliwa, vidole vitano, bila neno.

Ninaye mwenzangu wa darasa ambaye ni Simba. Yeye ni Mpare wa Same, mimi ni Mchaga wa Uru, kwa hiyo sisi ni watani mara mbili. Tangu tulipofika amekuwa akiniuliza kila asubuhi kama nimehesabu pesa zangu kabla ya kusali, nami nimekuwa nikimuuliza kesi yake ya mbuzi imefika mahakama gani. Baada ya mechi ile nilimwekea vijiko vitano kando ya sahani yake. Alivitazama, akavikusanya, akasema kuwa kimoja atakitumia na vinne atavipeleka Same vikauzwe. Bwalo zima lilicheka, naye alicheka.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa mbele ya runinga. Katika kipindi kimoja mtangazaji alikuwa akimwiga shabiki wa Simba aliyepiga simu, akikwama kwenye neno "tano" kana kwamba halitaki kutoka mdomoni. Studio nzima ilicheka. Nami nilichukua mchezo ule nikauleta mezani mchana ule. Mwenzangu ana kigugumizi. Si kikubwa, lakini akichoka au akiwa na wasiwasi, herufi ya kwanza humshika. Nilisimama nikamwiga: "Ta-ta-ta-tano." Kicheko kilikuwa kikubwa kuliko kile cha vijiko. Sikuona uso wake, kwa sababu nilikuwa nikiwatazama waliokuwa wakicheka.

Wiki mbili baadaye niligundua kwamba jina lake halimo tena katika orodha ya wasomaji wa Misa. Nilidhani ni zamu tu. Mkuu wa liturujia aliniambia kwamba mwenyewe aliomba aondolewe. Kijana ambaye alikuwa amepambana miaka yote ya seminari ndogo kusoma somo la kwanza mbele ya watu bila kukwama, aliomba asisome tena.

Nilimfuata bustanini, karibu na migomba. Nilianza kwa kusema kwamba ulikuwa utani tu. Alinijibu polepole, neno kwa neno: "Tano ni za Simba, nilicheka. Kigugumizi ni changu."

Sijasoma bado katika falsafa sentensi iliyonifundisha zaidi ya hiyo. Kwa sababu hiyo ndiyo niliyorudi nayo kwenye vitabu kutafuta nilikosea nini hasa.

Aristoteli, katika maadili yake yaitwayo ya Nikomako, anaweka fadhila ya mzaha katikati ya makosa mawili. Upande mmoja yupo mtu anayetaka kuchekesha kwa gharama yoyote, hata kwa kumuumiza anayechekwa. Upande mwingine yupo mtu mgumu, asiyecheka na anayechukia wanaocheka. Katikati yupo mwenye mzaha mzuri, na fadhila yake kwa Kigiriki inaitwa eutrapelia. La kushangaza ni kwamba Mtume Paulo, katika sura ya tano ya Waraka kwa Waefeso, analitumia neno hilohilo la Kigiriki kutaja mazungumzo yasiyowafaa watakatifu. Neno moja, kwa mmoja ni fadhila, kwa mwingine ni onyo. Nadhani wote wawili walikuwa sahihi, kwani wote wawili walikuwa wamewahi kukaa mezani na watu wanaocheka.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliwasoma wote wawili. Katika sehemu ya pili ya Summa Theologiae anauliza kama katika michezo kunaweza kuwa na fadhila, na anajibu kwamba ndiyo. Anasimulia habari ya Mwinjili Yohane, ambaye watu walikwazika walipomkuta akicheza na wanafunzi wake. Yohane alimwomba mmoja wao, aliyekuwa na upinde, arushe mshale. Akarusha mara nyingi. Akamuuliza kama anaweza kuendelea hivyo bila kupumzika. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Na roho ya mtu, akasema Yohane, nayo huvunjika ikikazwa bila kulegezwa. Tomaso anaendelea hadi kusema kwamba asiyejua kabisa kucheka, anayewachosha wengine na kuwazuia wasifurahi, naye ana kosa. Tena anasema kwamba kazi ya wachekeshaji si haramu yenyewe, mradi isitumie maneno au matendo machafu. Ndugu yangu aliyetaka runinga izimwe amsome Tomaso hapo.

Lakini ndugu zangu tuliopiga kelele za kupinga, nasi tumsome pengine. Katika kitabu hichohicho Tomaso anazungumzia dhihaka. Anasema anayetukana angalau anauchukulia ubaya wa mwenzake kwa uzito. Anayedhihaki anaugeuza kuwa mchezo, kana kwamba anayechekwa ni mtu mdogo ambaye maumivu yake hayahesabiki. Kwa hiyo dhihaka inaweza kuwa kosa zito kuliko tusi. Niliposoma hapo nilifunga kitabu. Nilikuwa nimejitetea kwa kusema sikumtukana. Kumbe utetezi wangu ndio ulikuwa mashtaka yangu.

Wazee wetu walikuwa wamelijua jambo hili bila Summa. Utani wa makabila, kama huu wa Wachaga na Wapare, si ruhusa ya kusema lolote. Una sheria. Mtani ana haki ya kujibu, na akijibu huruhusiwi kukasirika. Mtani anacheka kile kilicho cha wote, jina la kabila, tabia inayosemwa juu ya wote, na si kidonda cha mtu mmoja. Na juu ya yote, mtani ana wajibu. Msiba ukikufika, yeye ndiye anayekuja.

Bibi yangu alipofariki, seminari iliniruhusu niende nyumbani na iliwatuma wenzangu watatu kwenye maziko. Yule mwenzangu alikuwa mmoja wao. Tulipofika kaburini kihambani, alichukua koleo, akasimama juu ya udongo, akatangaza kwamba hakuna Mchaga atakayezikwa hapo mpaka alipwe, kwa kuwa pesa tunazo na tunazificha chini ya vitanda. Wajomba walianza kutoa noti mojamoja huku wakicheka. Mama yangu, ambaye siku tatu alikuwa hajasema neno, alicheka. Kisha mwenzangu alifukia kaburi hadi mwisho, jasho likimtoka, na zile pesa akamkabidhi mama. Wakati huo bado alikuwa hajarudi kwenye orodha ya wasomaji.

Hapo ndipo nilipoelewa kinachokosekana katika kipindi cha Jumamosi. Si kwamba watangazaji ni wabaya. Wengi wao wana kipaji, na nchi yenye shida zake inahitaji watu wa kuichekesha. Tumeona tangu siku za kundi la Orijino Komedi, lililoanzia EATV na kuhamia TBC1, jinsi kicheko kinavyokusanya familia nzima mbele ya runinga moja. Tatizo ni kwamba runinga haiwezi kuja msibani kwako. Shabiki anayechekwa kwa sababu ya sauti yake, umbo lake, meno yake au umaskini wake hana kiti studio. Hawezi kujibu. Na yule anayemcheka hatakutana naye kesho dukani, hivyo hana sababu ya kuona haya. Utani unahitaji jirani. Ukiuondoa ujirani, kinachobaki ni dhihaka yenye muziki mzuri.

Kuna na jambo la pesa. Kati ya kicheko na kicheko mara nyingi huja tangazo la kubeti. Kijana wa kijiweni amecheka, moyo umelegea, mkono nao unalegea. Nimekutana na vijana katika utume wetu wa mwisho wa wiki ambao wanaweka mkeka kabla ya kununua unga. Mtani wa kweli angekucheka kwa mkeka uliochanika, kisha angekukopesha elfu mbili ya unga na kukukanya. Tangazo linakuambia ujaribu tena.

Najua nitaambiwa kwamba nakuza mambo, kwamba hii ni burudani tu. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha. Mtu mmoja aliacha kulitangaza Neno la Mungu kwa sababu ya burudani tu, na aliyemwachisha ni mimi, wala si mtangazaji. Mtangazaji hajui hata kama Same kuna frateri mwenye kigugumizi. Mimi nilijua. Ndiyo maana sitaki kuilaumu runinga kwa dhambi niliyoitenda kwa mdomo wangu.

Tarehe 14 Juni 2024 Papa Fransisko, ambaye sasa ni marehemu, aliwakaribisha Vatikano wachekeshaji zaidi ya mia moja kutoka nchi nyingi. Aliwashukuru kwa kazi yao, na aliwaeleza kwamba mzaha mzuri hauwadhalilishi watu wala kuwafunga katika kasoro zao. Aliongea na watu wa runinga, lakini nadhani maneno yale yangefaa zaidi kubandikwa mlangoni mwa bwalo letu.

Basi napendekeza nini? Kwa sisi mafrateri: tuendelee kutazama, lakini tutazame pamoja, tusitazame kila mtu na simu yake kitandani. Tukiwa pamoja, atakuwepo Simba wa kuijibu Yanga, na atakuwepo mtu wa kusema "hapo umevuka." Tukubaliane kwamba klabu, kabila na kabumbu vinacheka vyote, ila mwili wa mtu, familia yake na umaskini wake haviguswi. Na anayevuka aombe msamaha palepale alipokosea, mbele ya walewale waliocheka. Mimi niliomba bustanini, faraghani, na baadaye niliona kwamba haikutosha. Ilinibidi nisimame bwaloni.

Kwa waamini wa parokia zetu: jumuiya ndogondogo zina Simba na Yanga ndani yake, tena wanakaa benchi moja. Nimesikia jumuiya ambamo watu wawili hawapeani amani ya Kristo kwa sababu ya neno lililosemwa baada ya mechi. Tusingoje Kwaresima. Mmoja amfuate mwenzake na kumuuliza swali dogo: nilicheka timu yako, au nilikucheka wewe? Na kwa wazazi: mtoto anapoanza kuiga maneno ya mtangazaji, msimzuie kucheka. Mwulizeni tu kama yule anayechekwa naye anacheka.

Mwenzangu alirudi kusoma mwaka huu. Mara ya kwanza ilikuwa Misa ya siku ya kawaida, somo fupi. Alikwama mahali pawili. Kanisa lilitulia, likangoja, naye akafika mwisho. Wakati wa chai nilimwambia amesoma vizuri. Akaniuliza kama nimekwisha kuhesabu pesa zangu leo.